Uzi wa mnanaha: jani la jaani linalofungua kifua na linalopoteza watu

Fundi_Vidonge (mwenye uzi)

Assalaam alaykum wana jukwaa. Kuna klipu inazunguka WhatsApp, naona imefika mpaka kwenye magrupu ya arusi, mtu kashika tawi la mnanaha anasema hii ndo dawa ya pumu waliyotuficha wazungu, chemsha majani unywe asubuhi na jioni, pampu (ile dawa ya pumu ya kuvuta mdomoni) tupa. Jamaa anaongea kwa utulivu, sauti nzuri, na nusu ya anayosema ni kweli tupu. Hiyo nusu ndo inayonitisha, kwa sababu angekua anasema uongo mtupu watu wangejaribu, wasione kitu, wakaacha.

Mie nipo kwenye dawa, duka la dawa hapa Chake, Pemba, na kabla ya hapo nilikaa kituo cha afya huko shamba. Nimelelewa na bibi aliekua akijua miti kuliko anavyojua majirani, kwaiyo sitaki mtu aje kuniambia nadharau dawa za kienyeji. Nataka tuuongelee huu mti mmoja kwa kirefu, unafanya nini mwilini, na kwa nini.

Kwanza tuujue. Mnanaha, wengine wanaita mranaha, kitaalamu Datura metel. Hauhitaji kupandwa, unaota wenyewe jaani, magofuni, pembeni mwa mabanda ya ng'ombe, popote penye mbolea na udongo uliochimbuliwa. Unafika kiunoni, majani mapana yana harufu nzito ukiyafikicha, ua refu kama tarumbeta jeupe au la zambarau linalofunguka jioni, na tunda ni kidonge cha kijani cha duara chenye vijimiba vifupi, likikauka linapasuka ovyo na ndani kuna mbegu bapa rangi ya hudhurungi nyingi sana. Uko na ndugu yake Datura stramonium ambae tunda lake limesimama wima na miba mirefu zaidi, mambo yao ya ndani yanafanana.

Sasa wazee walikua wakiutumiaje? Nilivyoona mie na nilivyosikia kwa watu wazima, jani kavu huwekwa juu ya kaa kwenye chetezo, mwenye pumu akavuta moshi kidogo kifua kikimbana, au likasokotwa kama sigara. Na jani bichi linapashwa moto, linapakwa mafuta ya nazi, linafungwa kwenye goti lililovimba au jipu. Kunywa? Wazee niliowajua mie walikua wakiukataza mdomoni kabisa, na watoto walikua wakipigwa kwa kuchezea lile tunda. Hii klipu ya kuchemsha na kunywa sijui imetokea wapi.

Na si wetu peke yetu. India wamevuta datura kwa pumu tangu zamani sana, na mwaka 1802 daktari mmoja aliekua Madras alimpa habari hiyo jenerali mmoja, jenerali akaipeleka Uingereza, na baada ya hapo Ulaya nzima ikaanza kuvuta. Walikua na sigara za pumu, zinauzwa madukani kwenye maboksi mazuri, mpaka karne ya 20 imefika katikati. Kwaiyo ile hadithi ya "wazungu wametuficha" inachekesha, hawakuficha kitu, waliuvuta wenyewe zaidi ya miaka mia.

Kwa nini unafanya kazi? Ndani ya mti huu mna alkaloidi (kemikali kali za mimea) tatu kubwa: haiosiamini, atropini na skopolamini. Mwili wako una neva kubwa inayoshuka kutoka kichwani mpaka kifuani na tumboni inaitwa vagasi, na inapotaka kubana njia za hewa inatoa kemikali inaitwa asetilikolini. Asetilikolini inakwenda kukaa kwenye vipokezi vya misuli ya njia za hewa, misuli inajikaza, unaanza kupiga filimbi kifuani. Atropini inakua ishafika mapema, imekaa kwenye kile kipokezi, haifanyi kazi yoyote na haitoki, kama mtu aliewahi kiti kwenye daladala ya Wete huku mwenye tiketi kasimama mlangoni. Misuli inalegea, hewa inapita. Huo ndo ukweli na hakuna dakta atakaekataa.

Tatizo vipokezi hivyo haviko kifuani tu. Viko kwenye mate, kwenye jasho, kwenye macho, kwenye moyo, kwenye utumbo, kwenye kibofu, na viko kwenye ubongo. Atropini haiulizi njia, ikiingia damuni inakaa kote. Kwaiyo kiasi kile kile kinachofungua kifua kipo karibu mno na kiasi kinachokausha mdomo, kikizidi kidogo moyo unakwenda mbio, kikizidi tena mtu haoni karibu, mkojo unakataa kutoka, mwili unapanda joto kwa sababu jasho limefungwa (na joto letu la mwezi wa pili mnalijua), na mwisho akili inaondoka.

Nataka niwaelezee hiyo "akili inaondoka" kwa sababu watu wanadhani ni kama kulewa. Kituoni aliletwa mama mtu mzima, kanywa majani kwa ajili ya kifua. Uso mwekundu, ngozi ya moto na kavu kama karatasi, ulimi umeganda juu ya kaakaa mpaka maneno hayatoki sawa. Tukamulika macho kwa tochi ya simu, mboni zimefunguka hadi ile rangi ya jicho imebaki uzi mwembamba, na mwanga haukuzitikisa. Na muda wote huo vidole vyake vinaokota vitu kwenye kanga, anachukua kitu ambacho hakipo, anakitia mfukoni, anachukua chengine, na anamjibu mtu aliekaa kulia kwake ambapo hapana mtu. Wanawe walikua washapita kwingine kwanza, wakaambiwa kapandwa na kitu. Alipona alhamdulillahi, ila hakumbuki hata kidogo siku zile.

Hilo la mwisho ni skopolamini, inafuta kumbukumbu. Na kwenye Datura metel skopolamini ni nyingi.

Nakuja na sehemu ya pili, kuhusu dozi na kuhusu pampu. Maswali yanakaribishwa.

DawaZaBabu

Yakhe nimesoma yote. Kila siku ni nyie watu wa vidonge mnakuja kututisha na dawa zetu. Babu yangu alivuta mnanaha miaka yote na alikufa mkongwe kabisa, na pumu yake ilikua mbaya hasa. Hizo pampu mnauza bei gani? Mtu wa Kojani au Micheweni huko atazipata wapi usiku wa manane? Jani lipo mlangoni bure. Huyo mama alikosea kutumia, hata panadol ukinywa nyingi unakufa.

Fundi_Vidonge

@DawaZaBabu karibu sana, na wala hatugombani. Babu yako aliuvuta, hakuunywa, na nadhani alikua anavuta kidogo kisha anaacha akiona mdomo unakauka. Hiyo ndo elimu yenyewe, mtu anautumia mwili wake kama mizani. Moshi unaingia mapafuni moja kwa moja, unahisi ndani ya dakika chache, unaacha. Ukinywa, inachukua nusu saa mpaka saa nzima kuanza, na kwa kua atropini inapunguza mwendo wa utumbo majani yanakaa humo yakiendelea kutoa sumu. Ndo maana mtu anakua hovyo siku nzima au mbili, na mboni zinaweza kubaki kubwa mpaka wiki.

Mfano wako wa panadol ni mzuri, nauchukua. Panadol kila kidonge kina miligramu 500, kilichotengenezwa leo na cha mwakani. Mnanaha nani kaupima? Sumu inabadilika kwa mti na mti, jani la juu na la chini, mti mchanga na uliokwisha kuzaa, udongo, mvua, hata saa uliyochuma. Spitali atropini inatolewa kwa nusu miligramu, miligramu moja. Kwa yule ndugu yake stramonium, mbegu mia moja zinakadiriwa kubeba kama miligramu 6 za atropini, na mbegu mia moja ni tunda moja na bado zinabaki. Watoto wanalipasua lile tunda kwa kucheza. Na kuchemsha hakusaidii kitu, zile alkaloidi zinahamia kwenye maji, ndiyo hayo unayoyanywa.

Bei ya pampu na usiku wa manane, hapo nakubaliana na wewe kabisa, ni kilio cha kweli. Nitalisema mbele.

binti_wa_mkoani

Jamani nina swali. Mwezi uliopita nilikua napalilia nyuma ya nyumba, nikang'oa haya madude mengi tu, jioni nikajitazama kwenye kioo jicho moja mboni kubwa jengine dogo!! Mama akaanza kulia anasema nimepigwa kiharusi. Nilikua sina kitu chengine, sikuumwa kichwa, mkono na mguu sawa, ila nikisoma simu kwa jicho lile naona ukungu. Kesho kutwa yake likarudi lenyewe. Ndo huu mti?

Fundi_Vidonge

@binti_wa_mkoani pole dada angu, ndo wenyewe. Ulishika jani au tunda, ukafuta jasho usoni, kidogo sana kikaingia jicho la upande ule. Atropini kwenye jicho ndo hiyo hiyo dawa wanayotia madakta wa macho ili mboni ifunguke waangalie ndani. Wana na njia ya kutofautisha, wanatia dawa inaitwa pilocarpine ambayo husinyaza mboni ya kawaida, jicho lenye atropini likakataa kusinyaa wanajua hii ni dawa si ubongo.

Lakini nisikilize, mboni zikitofautiana ghafla nenda spitali siku ile ile usingoje kesho kutwa, na uwaambie ulikua unapalilia nini. Ikija na maumivu makali ya kichwa, kutapika, kope kudondoka au udhaifu wa upande mmoja, hapo usisubiri hata kuvaa viatu.

maskani_boy

hahaha kuna wana maskani kwetu walijaribu mbegu wakasema wanataka kuona nini kitatokea. mmoja alikaa juu ya mnazi anaongea na marehemu babake. tulicheka ila baadae tukaogopa maana hataki kushuka na hatujui

Fundi_Vidonge

@maskani_boy siwezi kucheka. Datura si lazima ikuue kwa sumu yenyewe, mtu anaweza kuanguka, kuzama baharini, kutembea katikati ya barabara. Na hakuna raha humo, waulize, wengi wanasema hawarudii tena. Bangi mtu anajua kua kavuta, hii unakua hujui kama umekula kitu, yule babake kwake ni kweli yupo pale.

Maalim_Juma_wa_baraza

Uzi mzuri. Mie ni mtu wa kisomo, na nasema ukweli watu wa namna hii tunaletewa. Macho makubwa, anaongea na asioonekana, anapapasa. Sasa sisi tujue vipi?

Fundi_Vidonge

Maalim shikamoo, na ahsante kwa kuuliza, ni swali la maana kuliko yote hapa. Alama zenyewe hizi: mdomo mkavu kabisa kama hajanywa maji siku tatu, ngozi ya moto bila tone la jasho, mboni kubwa hazisinyai kwa mwanga, moyo unakwenda mbio, hajakojoa tangu asubuhi na chini ya kitovu pamejaa. Ukiona hivyo vinakuja pamoja na maruweruwe yaliyoanza ghafla kwa mtu aliekua mzima jana, hiyo ni sumu mpaka ithibitike vyengine. Kisomo hakikatazwi, msomee garini mkielekea spitali.

Na mchukue lile jani au mabaki ya alichokunywa, dakta akiliona anajua pa kuanzia. Spitali watampoza mwili, watamtia dripu, mpira wa mkojo, dawa ya kumtuliza, na akiwahi mapema mkaa maalumu wa kunyonya sumu tumboni. Msimtapishe kwa nguvu nyumbani na msimfunge kamba, akihangaika joto linazidi kupanda.

mfuga_sungura_Wete

Mbona sungura wangu anakula majani haya na hana neno? Nimemuona kwa macho yangu. Kama ni sumu angekufa. Nadhani mnazidisha.

Fundi_Vidonge

@mfuga_sungura_Wete swali zuri na jibu lake ni tamu. Baadhi ya sungura wana kimeng'enya kwenye damu kinachovunja atropini vipande vipande kabla haijafanya kitu. Si sungura wote, ni baadhi tu, wanazaliwa nacho. Binaadamu hatuna. Kwaiyo hii habari ya "mnyama kala hajafa nami nitakula" ni ya hatari, kwa mti huu na kwa miti mengi mengine. Usimlishe, kwani majani yamekwisha huko Wete?

Fundi_Vidonge

Sehemu ya pili sasa, kuhusu pampu, na hapa ndo nataka mnisikilize vizuri wenye pumu.

Wanasayansi walipoona mnanaha unafungua kifua lakini unavuruga kichwa hawakuutupa. Wakauliza, tufanyeje ile atropini ibaki mapafuni? Ubongo una kizuizi chake, vitu vyenye chaji ya umeme ya kudumu havipiti kirahisi. Wakaibadilisha molekuli kidogo, wakaipa chaji, wakapata ipratropiamu, ikaanza kutumika miaka ya 1970. Ukiivuta kwa pampu inakaa kifuani, damuni inaingia kidogo mno, kichwani haifiki. Baadae ikaja tiotropiamu ambayo unavuta mara moja kwa siku, hii ndo wanaopewa sana wazee wenye mapafu yaliyoharibika kwa sigara na moshi wa kuni. Angalieni majina, atropini, ipratropiamu, tiotropiamu, ukoo mmoja. Mtu akitupa pampu hiyo ili anywe mnanaha ameacha kitu kilichochujwa akarudi kwenye kitu kile kile na takataka zake.

Na si pampu tu. Buscopan mnayokuja kununua kwangu mkiumwa na tumbo la kukata, ile ni skopolamini iliyofanyiwa ujanja huo huo wa chaji ili isipande kichwani. Skopolamini yenyewe wanaitoa kwenye mti mwengine wa Australia unaitwa Duboisia, wanaulima mashamba kwa mashamba. Na wale mnaotapika kwenye boti mkishapita Nungwi, kuna bandeji ndogo ya skopolamini inabandikwa nyuma ya sikio, inatoa dozi ya kidogo kidogo kwa siku tatu. Kwaiyo mti huu una heshima zake duniani, mie siutukani.

Lakini kuna kitu hata ipratropiamu haiwezi, na mnanaha ndo kabisa. Pumu si kubana misuli tu. Ndani ya njia za hewa kuna uvimbe, kuna wekundu, kuna makohozi mazito, hiyo ndo pumu yenyewe na kubana ni matokeo. Dawa inayotuliza uvimbe ni steroidi ya kuvuta, ipo tangu beclometasone ilipoingia mwaka 1972. Pampu ya buluu ya salbutamol inafungua haraka lakini uvimbe haiugusi, na tangu mwaka 2019 muongozo wa kimataifa wa pumu unasema mtu mzima asitibiwe kwa salbutamol peke yake, lazima awe na steroidi ya kuvuta ndani yake. Sasa mnanaha: uvimbe hauugusi, makohozi unayakausha yakawa kama gundi ndani ya mirija, na moshi wenyewe unauchokoza mfereji uliokwisha kuchokozeka. Unasikia nafuu saa moja, ugonjwa unaendelea chini kwa chini, siku moja mshtuko mkubwa unakuja na hauna kitu mkononi.

Wengine wasiutie hata puani: mwenye presha ya macho, mzee mwenye tezi dume (mkojo utafunga kabisa na hayo maumivu sikuombei), mwenye moyo unaokwenda mbio, mjamzito, na mtoto yeyote.

DawaZaBabu

Sawa hapo kwenye chaji nimekuelewa, hilo sikulijua. Ila bado hujajibu suala la bei na umbali.

Fundi_Vidonge

Nakuja. Kwanza usimalize pampu ndo ukakumbuka, ukiona inalegea panga safari ya Chake au Wete mapema, na kwenye boti ya Kojani uwe nayo mfukoni sio kwenye begi. Pili uliza kituo cha afya cha serikali kabla hujanunua kwetu madukani, watu wengi wananunua kitu ambacho kituoni pengine kipo. Tatu, chupa ya maji ya plastiki ya nusu lita ukiitoboa matakoni pampu ikaingia inakua chombo cha kuvutia, dawa nyingi zaidi inafika kifuani badala ya kubaki kooni, hasa kwa watoto, na hii imefanyiwa utafiti Afrika Kusini ikaonekana inafanya kazi. Watu wengi pampu moja inawaisha haraka kwa sababu wanapulizia ulimi. Na baada ya steroidi sukutua mdomo uteme.

Je bei ni ndogo? Hapana. Mie nauza na naona watu wanarudisha dawa kwenye kaunta wakisikia bei. Hilo tuwapigie kelele wanaohusika, tusilijibu kwa kumpa mtu sumu kwa kua ni ya bure.

mkulima_wa_Konde

Mie niliambiwa na afisa kilimo kua atropini ndo dawa ya mtu aliekunywa au kuvuta dawa za kupulizia wadudu. Sasa huku konde tunapulizia sana nyanya, mtu akizidiwa si tumpe maji ya mnanaha haraka wakati gari inatafutwa?

Fundi_Vidonge

@mkulima_wa_Konde HAPANA, na nashukuru umeuliza kabla. Afisa kasema kweli, kwa zile sumu za jamii ya oganofosfeti atropini ya sindano ni dawa ya kuokoa roho, kwa sababu zile sumu zinafanya kinyume, zinajaza asetilikolini mwilini, mtu anatoka mate, machozi, anatapika, anaharisha, mboni zinakua ndogo kama kichwa cha sindano, kifua kinajaa maji. Lakini spitali wanatoa atropini kwa mshipa huku wanasikiliza kifua, wanaongeza kidogo kidogo mpaka kikauke. Wewe ukimnywesha maji ya majani mtu anaetapika na kupoteza fahamu yataingia mapafuni, na hujui umempa kiasi gani. Mvue nguo zilizorowa dawa, muoshe kwa sabuni na maji mengi, mlaze ubavu, mkimbize, na kopo la dawa muende nalo. Na nyie mnaomuosha vaeni glavu.

bi_mkubwa_Jambiani

Vijana ahsanteni, nimejifunza. Mie nakumbuka tulikua tukiambiwa tuangalie mboga, mchicha pori ukichuma jioni unaweza kuchanganya na jani changa la mnanaha. Ni kweli au walikua wakitutisha?

Fundi_Vidonge

Bi mkubwa shikamoo. Ni kweli tupu na linatokea mpaka leo, kwa mataifa makubwa pia. Australia mwezi Disemba 2022 spinachi ya madukani ilichanganyika na majani ya datura shambani, zaidi ya watu mia wakaripoti kuugua, maruweruwe na mioyo kwenda mbio, watu wakaambiwa spinachi hiyo waitupe. Na hapa jirani kwetu Uganda, mwaka 2019 huko Karamoja, unga wa lishe wa msaada wa Shirika la Mpango wa Chakula Duniani ulikua na alkaloidi hizi hizi, watu karibu 300 wakaugua na 5 wakafa, shirika likasimamisha ugawaji. Magugu ya datura yanaota ndani ya shamba la soya au mahindi, mbegu zikavunwa pamoja. Kwaiyo wenye kupepeta mtama na choroko, zile mbegu bapa za hudhurungi zenye umbo la figo ziokoteni.

Mchicha ukiuchuma shika jani moja moja. La mnanaha ukingo wake umejikata kwa mawimbi, chini kwenye kikonyo upande mmoja umeshuka kuliko mwengine, na harufu yake ukilifikicha inakataza wenyewe. Ukishafikicha nawa mikono kwanza.

jicho_la_pwani

Hivi huyu ndo ule mti wanaoleweshea watu na kuwaibia safarini?

Fundi_Vidonge

India karne ya 19 majambazi wa njiani walikua wakijulikana kwa kutia mbegu za datura kwenye chakula cha wasafiri, kumbukumbu zipo nyingi za polisi. Kilichomo kwenye juisi unayopewa bandarini mie sijakipima, lakini usinywe.

DawaZaBabu

Haya mwenye uzi, mie nakubali kwenye kunywa. Nishawaambia kwenye grup letu la familia wafute ile klipu. Lakini jani la moto kwenye goti siliachi, hilo limemsaidia mama yangu.

Fundi_Vidonge

Hapo sitakufokea ndugu yangu. Ila ngozi nayo inapitisha, ndo maana ile bandeji ya boti inafanya kazi, na mafuta yanaisaidia kupita. Kwaiyo lisiwekwe kwenye kidonda wala ngozi iliyochubuka, lisifungwe usiku kucha, wala mapana ya mguu mzima, na kwa mtoto kabisa hapana. Mama akisema mdomo unamkauka, litoe papo hapo na umuoshe kwa sabuni. Mie ningempa tangawizi na kitambaa cha maji moto, lakini mama ni wako.

binti_wa_mkoani

Sasa hii iliyobaki nyuma ya nyumba nifanyeje, nichome moto?

Fundi_Vidonge

Usichome!! Moshi ule ule. Ng'oa kabla tunda halijapasuka, vaa mfuko wa plastiki mikononi, chimba shimo fukia mbali na mboga na mbali na mbuzi. Zile mbegu zinakaa ardhini miaka mingi zikingoja udongo uchimbuliwe, kwaiyo mvua za masika zikianza pita tena ung'oe vichanga. Mikono kwa sabuni kabla hujagusa jicho, safari hii.

binti_wa_mkoani

Sawa ahsante. Na jirani yangu ana ule wa maua ya zambarau kaupanda kwenye ndoo barazani anasema ni pambo, ana watoto wadogo wawili.

Fundi_Vidonge

Ndo Datura metel huyo huyo, ule wa maua ya kujikunja tabaka tabaka ni wa kupandwa bustanini. Muoneshe huu uzi. Akiona uchungu kuutupa basi kila tunda likitoka tu alikate likiwa bado dogo, na ndoo aipandishe watoto wasipofikia, ila kwangu mie ningempa asumini ya kupanda badala yake.